Gari la Usharika Linapochemsha: Tuanzie Wapi Kutafuta Tatizo?

Maombi ya fedha za matengenezo ya magari yanayofika ofisi ya miradi hufanana sana: "Gari linachemsha, fundi anasema injini ifunguliwe." Kufungua injini ni gharama kubwa kwa usharika wowote, na mara nyingi kuna mambo mepesi yaliyopaswa kuangaliwa kwanza. Ni vema wajumbe wa kamati wayafahamu kabla ya kupitisha makadirio.

Swali la kwanza aulizwe dereva, si fundi: linachemsha wakati gani? Tuchukue gari linalotumika Mbezi Beach. Likichemsha kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo, kisha mshale wa joto ukashuka mara linapoanza kukimbia, tatizo ni upepo. Gari likiwa kwenye mwendo upepo hupita wenyewe katika rejeta. Likisimama hutegemea feni. Feni ya umeme kwa kawaida huzunguka ukiwasha kiyoyozi. Ile inayozungushwa na mkanda ina klachi yake: injini ikiwa ya moto na imezimwa, isukume kwa mkono. Ikizunguka kirahisi kama pangaboi, klachi imekwisha.

Lakini likitulia kwenye foleni na kuchemsha likipanda kuelekea Goba, tuangalie mzunguko wa maji: rejeta imeziba, au pampu ya maji imechoka. Sisi wa pwani tunaye adui wa ziada, yaani maji ya visima yenye chumvi. Dereva hujaza yaliyopo karibu. Chumvi hula chuma, na magadi yake huganda kwenye vijibomba vya rejeta hadi maji yasipite. Hewa ya bahari nayo hula mapezi kwa nje. Tumieni kulanti, au angalau maji safi yasiyo na chumvi.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa, nacho ni spea ya bei ndogo kuliko zote nilizotaja. Hapa usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 hubana mgandamizo kiasi kwamba maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Mpira wake ukichakaa, hata injini nzima itatoa mvuke.

Kuhusu themostati, mafundi wetu wengi huing'oa na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Sikubaliani nao. Bila themostati injini huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na katika baadhi ya injini maji ya moto hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, hivyo gari huzidi kuchemsha. Kuipima ni rahisi: itumbukizwe kwenye sufuria ya maji jikoni. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Maji yakichemka nayo bado imefunga, inunuliwe nyingine.

Baada ya hayo ndipo tuzungumzie gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni maji kupungua bila kuonekana panapovuja, mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikiunguruma, moshi mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto, au oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Zikiwepo mbili au zaidi, fundi ana haki ya kuomba kufungua. Hata hivyo, mjumbe mmoja awepo hedi inapopimwa kwa rula ya chuma kuona kama imepinda. Kubadili gasketi juu ya hedi iliyopinda ni kulipa mara mbili.

Dereva akiona mshale umepanda kupita kawaida, asimame pembeni na kuzima injini. Asifungue kifuniko kikiwa cha moto; mvuke huunguza uso na mikono. Wala asimwagie injini maji baridi, kwa kuwa chuma cha moto kikipoa ghafla hupasuka.

Aidha, kila gari liwe na daftari. Dereva aandike kila anapoongeza maji: tarehe, kiasi, na mahali gari lilipokuwa, foleni au mlimani. Ombi la matengenezo likija na kurasa hizo, fundi ataanza kazi akijua pa kushika.