MIKATE YA KIKAANGO BILA UNGA

Wandugu wanafunzi, saa ya kwanza darasani wengi wanasinzia. Si uvivu tu: wamekunywa chai ya sukari, tumbo liko wazi. Wengine wananunua mandazi barabarani. Lakini ngano nyingi inatoka ng'ambo, kwa hiyo bei ya unga iko juu, na mandazi yanakunywa mafuta mengi. Huku nyumbani ndizi zinaoza.

Twaeni ndizi tamu 2, zile ngozi yake imeanza madoa meusi, mayai 2, karanga zilizokaangwa na kutwangwa kiganja 1, na chumvi kidogo. Pondeni ndizi mpaka mabonge yaishe, pigeni mayai, changanyeni yote.

Inashikana namna gani? Unga wa ngano uko na kitu cha kunata. Hapa yai ndilo linashika, maana likipata moto linakuwa gumu. Basi musipunguze mayai, wala musimwage mkate mkubwa: utavunjika mukiugeuza. Kila mkate, kijiko 1 cha kulia.

Pakeni kikaango mafuta kidogo tu. Moto uwe mdogo, sababu sukari ya ndizi inaungua mbio, na katikati kungali kubichi. Ngojeni dakika 2, geuzeni, tena dakika 1.

Yai na karanga zinajenga mwili, ndizi inatia nguvu. Likizo ikifika mujaribu nyumbani, ninyi wavulana pia. Jiko si la dada peke yao.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6