Karata Ishirini na Saba: Hesabu Iliyo Nyuma ya Mazingaombwe

Wanafunzi wengi wa nchi hii wamepata kumtazama mfanya mazingaombwe aliyepita shuleni kwao, kisha wakarudi darasani wakibishana. Wapo wasemao kwamba ni uchawi, na wapo wasemao kwamba ni wepesi wa mikono. Ni nadra kumsikia asemaye kwamba ni hesabu. Hata hivyo, kipo kiinimacho kimoja cha karata ambacho ni hesabu tupu. Afanyaye hafichi karata, habadilishi karata, wala mikono yake haina haja ya kuwa myepesi.

Tuseme mwalimu wa hisabati huko Gongoni, mojawapo ya kata za mji wa Tabora, amesimama mbele ya wanafunzi wake. Ana karata 27 zilizotolewa katika jozi ya kawaida. Anamwomba mwanafunzi mmoja achague karata moja kwa moyo wake na kumnong'oneza jirani yake. Jirani huyo si pambo: aliyechagua akisahau, au akitaka kumkomoa mwalimu, yupo shahidi. Kisha mwanafunzi wa pili anataja namba yoyote kuanzia 1 hadi 27. Anasema 20.

Mwalimu anagawa karata zikiwa wazi, moja moja kutoka juu ya fungu, katika safu tatu: ya kwanza kushoto, ya pili katikati, ya tatu kulia, kisha anarudi kushoto, hadi kila safu iwe na karata 9. Kila karata inalala juu ya ile iliyoitangulia katika safu yake. Anauliza, "Karata yako imo katika safu ipi?" Akiisha kujibiwa, anageuza kila safu kifudifudi na kuzipanga safu zote tatu ziwe fungu moja. Anafanya hivyo mara tatu, bila kuchanga karata katikati. Mwishoni anamkabidhi mwanafunzi fungu zima, ahesabu mwenyewe kutoka juu. Karata ya 20 ikifunuliwa, ndiyo ile iliyochaguliwa.

Siri imo katika kukusanya. Safu iliyotajwa yaweza kuwekwa juu, katikati, au chini ya fungu. Ikiwekwa juu, hakuna safu iliyoitangulia, basi tuiite 0. Katikati ni 1, na chini ni 2. Mwalimu anapoambiwa 20, anatoa moja, anabaki na 19, na kuigawanya kimoyomoyo kwa tisa, tatu na moja: 19 ni tisa mbili, tatu sifuri, na moja moja. Tarakimu hizo huzitumia kuanzia ile ndogo. Mara ya kwanza anaiweka safu iliyotajwa katikati (1), mara ya pili juu (0), mara ya tatu chini (2). Huo ndio mfumo wa kuhesabu kwa tatu-tatu badala ya kumi-kumi. Mwanahisabati Mfaransa Joseph Diez Gergonne aliuchambua mchezo huu mwanzoni mwa karne ya 19, na hadi leo vitabu vya hisabati huutaja kwa jina lake.

Lakini kwa nini maswali matatu yatoshe? Mkazi wa Tabora anayo picha nzuri ya jambo hili. Katika karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo ulipofika Tabora ulikuta njia panda: wengine walishika njia ya magharibi kwenda Ujiji, wengine wakaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Sasa tuwaze msafiri anayekuta njia panda yenye njia tatu, na kila njia inamfikisha kwenye njia panda nyingine ya namna hiyo, mara tatu mfululizo. Miisho ya safari yake ni 3 × 3 × 3, yaani 27. Atakayetuambia ni njia ipi aliyoshika katika kila njia panda, ametuambia aliko. Jibu la kwanza la mwanafunzi hubakiza karata 9, la pili 3, la tatu 1. Mwalimu hakubahatisha, ameambiwa.

Kwa hiyo katika maonyesho mkazo uwe kwenye namba, si kwenye mikono. Namba itajwe kwa sauti kabla ya kugawa. Safu zikusanywe kwa mwendo uleule mara zote tatu, kwani anayesita ili akumbuke pa kuiweka safu hujifichua. Shule isiyopenda karata kwa sababu ya kamari ikate vipande 27 vya karatasi ngumu na kuandika majina ya elementi, kuanzia hidrojeni hadi kobalti, ambayo namba yake ya atomi ni 27. Wanafunzi wa kemia watanufaika, ingawa watapungukiwa na kopa, uru, shupaza na pau, majina mazuri ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kireno.

Kuna mchezo mwingine ambao kijana aliyetoka nyumbani na nauli yake aweza kukutana nao kituoni: karata tatu. Mchezeshaji anaonyesha karata moja, anazitupa zote tatu kifudifudi, na kukuomba uweke fedha juu ya ile uliyoiona. Tufanye kwanza kwamba ni mwaminifu, na kwamba unabahatisha. Ukicheza mara 30 kwa shilingi 1,000, kwa wastani utashinda mara 10 na kushindwa mara 20. Umepoteza shilingi 10,000. Lakini yeye si mwaminifu. Mkononi hushika karata mbili, moja juu ya nyingine, na pale macho yanapotarajia ya chini ianguke, yeye huachia ya juu. Wale unaowaona wakishinda ni wapambe wake. Hapa hakuna jibu ulilompa wala hesabu unayoweza kuikagua, na kadiri unavyokaza macho ndivyo unavyoifuata karata isiyo yako kwa uhakika zaidi.

Mwalimu atakayeonyesha mchezo wa karata 27 aifichue siri siku hiyohiyo, kisha awaachie wanafunzi zoezi hili. Chukua karata 21, safu tatu za karata 7, na uiweke safu iliyotajwa katikati mara zote tatu. Karata itakuwa ya 11 daima. Onyesha kwa nini. Kisha iweke juu mara ya kwanza, na katikati mara ya pili na ya tatu, uone kama bado waweza kutaja mahali pake bila shaka. Na kama huwezi, eleza ni kitu gani ambacho 27 inacho na 21 haina.