Mwanangu, Umeshindaje?

Kuna swali ambalo akina mama wengi hatupendi kumwuliza mtoto anapoleta habari njema nyumbani. Akija na ripoti ya shule yenye alama za juu, tunashangilia. Akija na kikombe, tunapiga vigelegele. Akija na fedha, tunamshukuru Mungu na kuanza kupanga matumizi. Lakini "Umeshindaje?" hatuulizi.

Mwezi huu tunataka kulizungumzia swali hilo kwa sababu ya balaa lililoingia katika michezo, hasa katika mbio ambazo zimeipa Afrika Mashariki jina duniani. Balaa hilo ni dawa zilizokatazwa za kuongeza nguvu, ambazo baadhi ya magazeti huziita pufya.

Huenda dada mmoja akasema, "Hayo ni mambo ya makocha na waandishi wa michezo. Mimi yananihusu nini?" Yanatuhusu. Wanaokamatwa ni watoto wa watu, na baadhi yao ni wanawake wenzetu walio na nyumba na watoto. Tena ukiyachunguza mambo yao, utaona kwamba uongo uliowaangusha ni wa aina ile ile inayoweza kufugwa katika nyumba yoyote.

Dawa hizi ni zipi?

Sisi wauguzi tunazifahamu dawa nyingi kati ya hizo, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa. Chukua ile inayoitwa kwa kifupi EPO. Mwili wenyewe huitengeneza katika figo, nayo huuamrisha uboho wa mifupa kutoa chembe nyekundu za damu. Mgonjwa ambaye figo zake zimeharibika hupungukiwa damu, ndipo anachomwa sindano ya EPO, akapata nafuu.

Mkimbiaji mwenye afya haihitaji. Anaichoma ili chembe nyekundu ziongezeke, zibebe oksijeni nyingi zaidi kwenda kwenye misuli, asichoke upesi. Lakini damu yenye chembe nyingi kupita kiasi huwa nzito. Moyo husukuma kwa shida, na damu inaweza kuganda katika mishipa na kuleta kiharusi au mshtuko wa moyo. Dawa inayomwinua mgonjwa kitandani inaweza kumlaza kaburini mtu mzima wa afya.

Kuna na dawa za kujenga misuli, zinazofanana na homoni za kiume. Msichana akizitumia, sauti yake huweza kuwa nzito, ndevu zikaota na hedhi ikavurugika. Baadhi ya mabadiliko hayo, kama ile sauti, hayarudi nyuma hata akiacha dawa.

Aliyeibiwa ana jina

Wengi husema kwamba mwenye kutumia dawa hizi anajidhuru mwenyewe tu. Si kweli. Mwezi Aprili 2014 Rita Jeptoo wa Kenya alishinda marathoni ya Boston huko Marekani, akapewa dola 150,000. Nyuma yake alifika Buzunesh Deba, Mwethiopia aliyekuwa akiishi New York, naye akapata dola 75,000. Mwezi Septemba mwaka huo huo Jeptoo alipimwa, EPO ikaonekana. Alifungiwa miaka 2. Mwaka 2016 mahakama ya usuluhishi wa michezo ikaifanya adhabu kuwa miaka 4 na kufuta ushindi wake wa Boston wa 2014.

Deba akatangazwa mshindi. Lakini hakuna aliyempigia makofi kwenye mstari wa mwisho, na ile tofauti ya fedha hakuipata. Ilikuja mwaka 2024, miaka 10 baadaye, tena si kutoka kwa waandaaji. Mfanyabiashara mmoja wa Marekani alisoma habari zake gazetini, akaguswa moyo, akamlipa dola 75,000 kutoka mfukoni mwake.

Tufikirie, dada zangu. Miguu ya mkimbiaji ina miaka michache ya kuvuna. Mavuno yakienda kwa mwingine, msimu haurudi. Huo ni wizi, hata kama mwizi amevaa bendera ya nchi yetu na sisi tulikuwa tukimshangilia.

Wanaoibiwa ni hata wale wa nyumbani. Mwaka 2022 Kenya iliponea chupuchupu kufungiwa na shirikisho la riadha la dunia kwa sababu ya wingi wa kesi hizi. Serikali ilibidi iahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 ili kupambana nazo. Kama nchi ingefungiwa, msichana anayekimbia kwa haki kule Iten angekosa kuvaa rangi za taifa lake kwa kosa lisilo lake.

Uongo huzaa uongo

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya marathoni katika Olimpiki, huko Rio mwaka 2016. Februari 2017 alipimwa, akakutwa na EPO, akafungiwa miaka 4. Katika kujitetea alileta karatasi za hospitali kuonyesha kwamba alitibiwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Uchunguzi ukaonyesha kwamba karatasi zile ni za uongo. Mwaka 2019 adhabu ikaongezwa ikawa miaka 8.

Sisi tuliofanya kazi wodini tunaijua mimba ya namna hiyo. Tunawajua akina mama walioletwa wamepauka, damu imejaa tumboni, na wengine hawakurudi nyumbani. Kuona maumivu hayo yakigeuzwa kuwa kinga ya sindano ya kudanganyia ni jambo la kusikitisha sana. Lakini ndivyo uongo ulivyo. Wa kwanza ni wa sindano, wa pili ni wa karatasi, na wa pili ndio uliozidisha kifungo.

Dawa ya msichana wa kazi

Kisa kingine kinatuingia mpaka ndani ya nyumba. Oktoba 2024 Ruth Chepng'etich wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Machi 2025 mkojo wake ulikutwa na haidroklorothiazaidi. Msiogope jina hilo refu. Ni kile kidonge cha presha ambacho wazee wetu wengi wanacho, kinachowafanya waende haja ndogo mara kwa mara.

Kidonge hicho hakiongezi mbio. Kimekatazwa kwa sababu huzidisha mkojo na kuuzimua, hivyo kinaweza kuficha dawa nyingine. Kiwango kinachoanza kuripotiwa ni nanogramu 20 katika mililita moja ya mkojo. Kwake ilikadiriwa kuwa 3,800. Baadaye alieleza kwamba aliumwa, akameza dawa ya msichana wake wa kazi. Wachunguzi hawakulipokea elezo hilo. Oktoba 2025 alikubali kosa, akafungiwa miaka 3. Rekodi ya Chicago ilibaki kwa kuwa iliwekwa kabla ya kipimo hicho, lakini watu wengi sasa wakiitaja wanashusha sauti.

Hatumhukumu dada huyu zaidi ya waliomhukumu. Tunataka tu kuuliza: ni nyumba ngapi zetu ambamo dawa za mmoja ni dawa za wote? Bibi anampa mjukuu vidonge vyake, jirani anaazima vilivyobaki. Ni hatari kwa mtu yeyote, na kwa mwanariadha ni mwisho wa kazi, kwa maana sheria inasema kila kinachokutwa mwilini mwake ni jukumu lake. "Sikujua" huweza kupunguza adhabu, lakini hakufuti kosa.

Watoto walioambiwa ni vitamini

Mzazi wa mtoto aliye kambini au katika shule ya michezo ana sababu nyingine ya kuuliza. Katika Ujerumani Mashariki ya zamani, kuanzia miaka ya 1970, serikali yenyewe iliendesha mpango wa siri wa kuwapa wanamichezo dawa za kujenga misuli. Wengine walikuwa wasichana wadogo. Waliambiwa kwamba vidonge vile vya buluu ni vitamini, na wazazi hawakuambiwa kitu. Medali zilikuja kwa wingi. Miaka ilipopita yakaja magonjwa ya ini, ya moyo na matatizo ya uzazi. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani wakuu wawili wa mpango huo, Manfred Ewald na Manfred Höppner. Hukumu ilipotoka, wasichana wale walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima wenye maradhi yao.

Msukumo unatoka wapi?

Tuseme kweli. Kijana anayekimbia mara nyingi amebeba ukoo mzima mgongoni. Ada ya wadogo zake, bati la nyumba ya mama, deni la shamba, harambee ya kanisa, vyote vinamtazama yeye. Kila akipiga simu nyumbani anasomewa orodha. Kisha anatokea mtu mwenye sauti tamu, huenda ana hata koti jeupe, anamwambia, "Wenzako wote wanachoma, wewe unabaki nyuma." Kijana akikumbuka ile orodha, mkono unanyooka.

Hapo ndipo mama anapohusika. Hatukumpa sindano, lakini tunaweza kuwa tulimpa sababu.

Na kuna somo la mapema zaidi. Mwenye kudai anabisha hodi, mama anamnong'oneza mtoto, "Mwambie sipo." Mtoto anakwenda mlangoni, anasema, anasifiwa kwa kuwa mwerevu. Wanariadha wakubwa hutakiwa kueleza kila siku watakuwa wapi kwa saa moja ili wapimaji wawapate bila taarifa. Makosa 3 katika miezi 12, kama vile kukosekana mahali walipotaja, huweza kuwafungia hata bila kipimo. Wakati wapimaji wanapobisha na mtu akasema hayupo kumbe yupo, somo hilo alilianza zamani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mama afanye nini?

1. Uliza. Fedha zikija, sema asante, kisha uliza kwa upole zimepatikanaje. Mtoto mwaminifu atafurahi kusimulia jinsi alivyotoa jasho.

2. Punguza orodha. Mwambie mtoto wako waziwazi kwamba akishika nafasi ya 10 kwa haki, bado ana mama na bado ana kwao. Maneno hayo yana nguvu kuliko onyo.

3. Tunza dawa za nyumbani. Kila mtu na zake, mahali pa kufungwa. Mwanariadha akiugua, amwambie daktari au muuguzi kazi yake kabla ya kuandikiwa dawa. Hata prednisolone ya vidonge, inayopatikana kwa urahisi madukani, imekatazwa wakati wa mashindano. Akiihitaji kwa ugonjwa wa kweli, kuna utaratibu wa kuomba kibali.

4. Wajue watu wake. Kocha ni nani, wakala ni nani, nani anamchoma sindano na ya nini? "Vitamini" isiyo na lebo isiingie mwilini mwake.

5. Sisi wenye funguo za kabati la dawa tujiulize. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 haimwandami mwanariadha peke yake. Inamwandama pia anayempa dawa. Lakini hata kabla ya sheria, EPO inayotoka kwa siri inaweza kuwa ni ya mgonjwa wa figo aliyekuwa akiingojea.

6. Anza mlangoni. Deni likibishiwa hodi, toka mwenyewe, useme huna leo. Ni aibu ya dakika tano, na mtoto anajifunza jambo la miaka hamsini.

Mtume Paulo alipenda kutolea mfano mbio. Alipomwandikia Timotheo, alisema kwamba mwanamichezo anayevunja kanuni hana haki ya taji (2 Timotheo 2:5). Haya aliyasema kwa kijana ambaye imani yake ilitangulia kukaa kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Hatujui kama Timotheo aliwahi kukimbia hata hatua moja uwanjani. Tunajua tu kwamba unyofu wake ulikuwa na kwao, na palikuwa ni nyumbani kwa wanawake wawili.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, kuna mtoto katika ukoo wetu ambaye tumemtwika mzigo mkubwa mno? Tunawezaje kuugawa?

2. Tungefanya nini kama mtoto angekiri kwamba ushindi wake ulikuwa wa udanganyifu? Tungemsaidia kusema ukweli, au kuuficha?

3. Kanisa lipokee namna gani sadaka ya mshindi, na limpokee namna gani yule aliyefungiwa anayerudi nyumbani kwa aibu?