Mimba Hutangulia, Ndoa Hufuata: Wasichana wa Kasese na Bwera

Ndoa ya utotoni, yaani ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hajatimiza miaka 18, kwa kawaida hutajwa kuwa chanzo cha mimba za mapema. Lakini katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kuanzia mjini hadi Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, mara nyingi mimba ndiyo hutangulia, na ndoa hufuata ili kuifunika aibu.

Katiba ya 1995 inaruhusu ndoa kuanzia miaka 18, na anayelala na msichana wa chini ya umri huo huwa ametenda kosa la unajisi, ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Uzito huo wa adhabu, ajabu ni kwamba, huwasukuma wazazi kumalizana nyumbani, kwani mkosaji akifungwa mtoto atakosa wa kumtunza, na akitishwa huvuka mto Lhubiriha hadi Kasindi, upande wa Kongo, waliko Wanande, ndugu wa Wakonzo wa Kasese kwa lugha na nasaba. Basi wazee hukaa, mbuzi, ambao kwa Wakonzo ndio mahari ya desturi, huhesabiwa, na wakishafungwa kamba uani kwa baba wa binti, shahidi mkuu wa kesi amekwisha kuwa mke wa mshtakiwa.

Gharama nyingine hulipwa na mwili. Nyonga ya msichana ambaye hajakomaa huweza kuwa nyembamba mno, uchungu ukadumu siku mbili au zaidi, na kichwa cha mtoto kikaibana nyama iliyo kati ya kibofu na uke hadi ikakosa damu na kutoboka. Tundu hilo, linalovujisha mkojo bila kukoma, ndilo fistula, na Hospitali ya Kagando, wilayani humo humo, imekuwa ikiwafanyia upasuaji wanawake wenye maradhi hayo.

Mwaka 2016, wasichana 25 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini Uganda walikuwa wamezaa au wana mimba. Mwaka 2022, baada ya shule kufungwa kwa takriban miaka miwili kwa sababu ya janga la korona, walikuwa 24, tofauti isiyostahili kuitwa maendeleo. Mwongozo wa serikali wa 2020 unamruhusu msichana kurudi darasani baada ya kujifungua, lakini ruhusa hiyo ni vigumu kumfaa yule ambaye mbuzi wake wamekwisha kupokelewa.