Punda wa kazi: nyasi kwanza, pumba baadaye
Punda anayevuta mkokoteni kila siku anahitaji nguvu, lakini usidhani ataipata kwenye ndoo ya pumba. Punda hacheui kama ng'ombe. Tumbo lake ni dogo, hivyo hula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Msingi uwe nyasi kavu au mabua: punda wa kilo 150 anahitaji kilo 2 hadi 3 kwa siku. Siku za kazi nzito mwongezee pumba kidogo. Zikizidi, humletea msokoto wa tumbo na maumivu ya kwato.

Mahindi yenye ukungu usimpe kamwe. Sumu yake huharibu ubongo, na punda anaweza kufa ndani ya siku chache. Maji safi na chumvi visikosekane.