Nakala Zinazofifia: Kisa cha The Wicker Man

Kwa zaidi ya miaka 20 watazamaji wa filamu ya kutisha ya Uingereza, The Wicker Man, wamekuwa wakibishana, na ubishi wao si ule uliozoeleka wa nani kaipenda na nani kaichukia. Kuhusu ubora wa filamu yenyewe hawatofautiani sana. Wanachobishania ni toleo la kununua: lile la dakika 88, la dakika 92 au la dakika 99, diski ipi ina rangi za kweli, ipi ina picha iliyofifia, ipi imeacha matukio fulani. Maoni hayo yakiwekwa sambamba na historia ya nakala zenyewe, yanaonyesha jambo zito kuliko mapenzi ya mashabiki. Mtu anayedhani anaihukumu filamu, mara nyingi anaihukumu nakala iliyomfikia. Nakala nayo ni kitu: ina umri, ina magonjwa, ina mwenyewe, na hufa.

Filamu hiyo iliongozwa na Robin Hardy kwa mswada wa Anthony Shaffer, ikapigwa Scotland mwishoni mwa mwaka 1972. Edward Woodward anaigiza Sajenti Howie, polisi mcha Mungu anayetua kwa ndege kwenye kisiwa cha Summerisle kumtafuta msichana aliyeripotiwa kupotea. Christopher Lee ni Lord Summerisle, mtawala wa wakazi walioacha Ukristo na kurudia ibada za jua na mavuno. Hakuna mazimwi humo, na giza ni kidogo. Hofu inajengwa polepole, mchana kweupe, kwa nyimbo na tabasamu. Kwa hiyo mpangilio wa muda ndio mhimili wa kazi nzima. Ukipunguza siku, umepunguza hofu.

Ndivyo ilivyofanywa. Kampuni iliyoitengeneza, British Lion, ilikuwa ikibadilisha wakuu wake, na uongozi mpya haukuiamini. Filamu ikakatwa kutoka takriban dakika 100 hadi 88 hivi, ikatolewa London Desemba 1973 kama filamu ya kusindikiza Don't Look Now. Ukataji huo haukuondoa mazungumzo tu. Howie, ambaye katika toleo refu analala kisiwani mara mbili, alibakiziwa usiku mmoja. Ngoma ya Willow, binti wa mwenye nyumba ya wageni, ambayo katika toleo refu inakuja usiku wa pili Howie akiwa amekwisha kutikiswa, ikasogezwa usiku wa kwanza. Tukio la Lord Summerisle kumleta kijana Ash Buchanan chini ya dirisha la Willow, kisha akabaki akisema peke yake huku konokono wakitambaa mbele yake, likatoweka lote. Katika toleo fupi mtawala huyo anaonekana kwa mara ya kwanza filamu ikiwa imekwenda mbali.

Filamu iliyokatwa yaweza kuungwa tena iwapo vipande vimetunzwa. Hivi havikutunzwa. Simulizi maarufu inadai kwamba makopo ya negativu, yaani filamu asili iliyopita kwenye kamera, yalifukiwa kwenye kifusi cha barabara kuu ya M3, iliyokuwa ikijengwa kusini mwa Uingereza. Imerudiwa mara nyingi bila uthibitisho, na mvuto wake una hasara: inamfanya msomaji amtafute mhalifu. Utaratibu unaoonekana wazi hauhitaji mhalifu. British Lion iliingia mikononi mwa EMI mwaka 1976. Hazina ya EMI ikaenda Cannon mwaka 1986. Baada ya mikono mingine ikaishia StudioCanal ya Ufaransa. Kila mauzo ya namna hii huhamisha hakimiliki haraka, kwa sababu hakimiliki ni karatasi. Makopo hayahami hivyo. Yanahitaji malori, ghala lenye ubaridi na mtu anayejua kilichomo ndani. Kopo la vipande visivyotumika, vya filamu ambayo haikuingiza fedha, kwa mhasibu wa kampuni mpya ni gharama ya nafasi. Si lazima mtu aamuru litupwe. Inatosha asitokee wa kuliulizia.

Kilichobaki kilibaki kwa bahati. Nakala ndefu ilikuwa imetumwa kwa Roger Corman, mtayarishaji na msambazaji wa Marekani, aseme kama filamu ingeuzika huko. Miaka michache baadaye Hardy alipoanza kuisaka kazi yake, ilitumika nakala hiyo kuunda toleo la dakika 96 hivi lililoonyeshwa Marekani mwishoni mwa muongo wa 1970. Nakala hiyohiyo ilihamishiwa pia kwenye mkanda wa video wa upana wa inchi 1, na matukio yaliyomo katika toleo la dakika 99 pekee yanategemea mkanda huo.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Filamu ya milimita 35 hunasa picha kwa punje za madini ya fedha na rangi, ndogo kiasi kwamba hata leo mashine za kisasa zinapata kitu kipya ndani yake. Lakini nakala inayokwenda sinema si negativu. Kwa kawaida ni kizazi cha tatu au cha nne, na kila kizazi huongeza weusi, hupunguza maelezo kwenye vivuli na kuongeza mikwaruzo. Mkanda wa video unaichukua nakala hiyo iliyokwisha pungua na kuikata katika mistari 525, ambayo si yote inayobeba picha. Kanda ya VHS ya nyumbani ikipigwa kutoka hapo hubaki na uwezo wa kuonyesha mistari ya wima kama 240 tu. Kilichopotea katika hatua yoyote hakirudi katika hatua inayofuata, hata teknolojia ya hatua hiyo ikiwa bora mara 10.

Mwaka 2001 kampuni ya Anchor Bay ilitoa Marekani DVD ya diski mbili ndani ya kasha la mbao, toleo fupi na toleo la dakika 99. Kwenye toleo refu mtazamaji aliona kwa macho yake matokeo ya hesabu hiyo. Picha inakwenda vizuri, majani na ngozi vikiwa na rangi zake. Ghafla inalegea, weusi unageuka kijivu, rangi ya nguo inavuja nje ya mipaka yake. Tukio likiisha, ukali unarudi. Kila badiliko linamnong'oneza mtazamaji kwamba hapa palikatwa, na akili yake inatoka kisiwani na kuanza kuwaza mkasi. Filamu inayoishi kwa kumlevya mtu taratibu haiwezi kustahimili kukatizwa namna hiyo. Ndiyo maana wapo walioona sehemu zilizorejeshwa kuwa zinavuta muda bure. Huenda wana haki. Lakini hukumu yao haiwezi kutenganishwa na ukungu uliofunika sehemu hizohizo, na wakati huo hapakuwa na nakala safi ya kuijaribia.

Hata ubishi wa dakika una kasoro ya kiufundi ndani yake. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, ilhali mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika, huenda kwa 25. Suluhisho lilikuwa kuiharakisha filamu kwa takriban asilimia 4. Dakika 88 zikawa zaidi kidogo ya 84 bila tukio lolote kukatwa, na sauti zikapanda kidogo, jambo lisilo dogo kwa filamu iliyojaa nyimbo. Mtu aliyesoma nyuma ya kasha na kulinganisha idadi ya dakika angeweza kuapa kwamba ameibiwa tukio zima.

Mwaka 2013 StudioCanal ilitangaza kwa umma kwamba inatafuta nakala yoyote iliyosalia. Nakala ya milimita 35 ikapatikana katika hifadhi ya filamu ya Chuo Kikuu cha Harvard, ikiwa na urefu wa dakika 92 hivi. Hardy aliipitisha, ikaitwa toleo la mwisho. Usiku wa pili ukarudi, konokono wakarudi, na picha ikawa bora kuliko ya mkanda. Matukio ya kituo cha polisi bara, yaliyomo katika toleo la dakika 99, hayakuwemo. Watazamaji wakagawanyika upya: wengine wakaona mwongozaji ameridhika na yaishe, wengine wakachagua usafi kuliko ukamilifu. Shaffer alikuwa amefariki 2001, Woodward 2009. Lee, aliyesisitiza hadi uzeeni kwamba toleo bora kuliko hayo yote limepotea, alifariki 2015, na Hardy akamfuata 2016. Mwaka 2023 lilitoka toleo la miaka 50 kwa ubora wa 4K, na orodha ya vilivyokosekana haikubadilika.

Mpaka hapo yaweza kudaiwa kwamba mambo yanaboreka: kila muongo umeleta picha safi kuliko uliotangulia. Dai hilo ni la kweli kwa filamu hii moja, na linategemea sharti ambalo sasa linavunjika, yaani kuwepo kwa soko la watu wanaonunua diski. Urejeshaji wa filamu hugharimu fedha, na kwa filamu za kutisha zenye mashabiki wachache lakini waaminifu, fedha hizo zilitoka kwenye makasha. Mwaka 2005 mauzo ya DVD Marekani yalikuwa takriban dola bilioni 16. Mwaka 2024 mauzo ya diski zote za filamu nchini humo yalishuka chini ya dola bilioni 1. Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho aliyejulikana wa deki za VHS, iliacha kuzitengeneza Julai 2016. Netflix ilifunga huduma yake ya kutuma DVD kwa posta Septemba 2023. Maduka ya Best Buy yakaacha kuuza filamu za diski mwaka 2024. Filamu kubwa hazitaumia. Zitakazoumia ni zile ambazo mwenye hakimiliki hataona tena sababu ya kufungua kopo.

Diski zenyewe pia si za milele. Safu ya chuma inayoakisi mwanga imebanwa kati ya plastiki kwa gundi. Gundi ikitengenezwa vibaya, hewa huingia, chuma huliwa, na diski inayong'aa kabatini hukwama katikati ya filamu. Mwaka 2025 Warner Bros. ilikiri kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zina tatizo la namna hiyo. Ilijitolea kuzibadilisha pale inapowezekana, na kwa filamu ambazo haina tena diski au haki zake, mnunuzi angepewa filamu nyingine.

Jibu linalotolewa ni kwamba kila kitu kitakuwa mtandaoni. Julai 2022 kampuni ya Sony iliwatangazia wateja wa duka lake la PlayStation nchini Ujerumani na Austria kwamba filamu za StudioCanal walizokwisha kuzinunua zingeondolewa kwenye maktaba zao kuanzia tarehe 31 Agosti, kwa sababu mikataba ya leseni ilikuwa imebadilika. Zilikuwa kazi 314 Ujerumani na 137 Austria. StudioCanal ndiye mmiliki wa The Wicker Man. Mnunuzi wa mtandaoni hakununua nakala. Alinunua ruhusa, na ruhusa ilikuwa ya mtu mwingine tangu mwanzo.

Athari ya pili haionekani kwa urahisi. Diski ya 2001, pamoja na ukungu wake, inabaki vilevile, na mtu anaweza kuiweka kando ya ile ya 2013 akaona kilichobadilishwa. Mtandaoni faili hubadilishwa bila tangazo na ya zamani haionekani tena. Diski ya Blu-ray ya Predator iliyotolewa 2010 ni onyo: punje za filamu zilifutwa kwa kompyuta hadi ngozi ya Arnold Schwarzenegger ikaonekana kama nta. Watazamaji waliijua kasoro hiyo kwa sababu walikuwa na toleo la awali mkononi. Asiye na nakala ya pili hana pa kusimama ili alalamike, na maoni yake yatakuwa yale ambayo faili iliyopo inamruhusu kuwa nayo.

Uingereza ilikuwa na nakala za milimita 35 zilizosahauliwa nje ya nchi. Filamu za kutisha za Kiswahili zilizotoka Dar es Salaam katika miaka ya 2000, kama Shumileta ya Mussa Banzi, zilipigwa kwa kamera za video na kuuzwa kwa kanda, baadaye VCD na DVD. Huko hakuna negativu inayosubiri kugunduliwa. Mkanda wa video ndio asili yenyewe, na sumaku iliyobeba picha hudhoofika ndani ya miaka 10 hadi 30 kutegemea joto na unyevu. Pwani ya Afrika Mashariki ina vyote viwili kwa wingi. Kilichoko mtandaoni mara nyingi kimetokana na VCD iliyobanwa, na mtazamaji kijana anayezicheka filamu hizo kwa picha zake mbovu anarudia kosa la waliouhukumu mkanda wa inchi 1. Mwenye kanda za awali, awe mtayarishaji, msambazaji au fundi aliyezihariri, azipeleke zikahamishiwe kwenye kompyuta mwaka huu, maadamu bado kuna deki inayozunguka na fundi anayeweza kusafisha kichwa chake.