Mbele ya kutoa damu, sema kweli juu ya homa

Ndugu mutumikaji, siku wagonjwa wanakosa damu, unaitwa kutoa. Umepita miaka 18, uzito wako unapita kilo 50, unasikia nguvu. Lakini mbele ya sindano, infirmie anakuuliza: uliugua homa siku hizi? Ulisafiri wapi? Usikasirike, wala usifiche.

Ndani ya damu kuna maji ya rangi ya njano, jina lake plasma. Inapita nusu ya damu yote, na inaokoa watu wanaotokwa na damu nyingi. Ndimo virusi vinavyoletwa na imbu vinamotembea: dengue, chikungunya, homa ya manjano. Siku moja ao mbili mbele ya homa kuanza, virusi vimekwisha kuingia katika damu, na mwenyewe hajui neno. Wengine hawaugui hata kidogo.

Hii si hadisi. Mwaka 2002, kule Marekani, wagonjwa 23 walipata virusi vya West Nile kwa damu waliyotiwa. Tangu 2003 wanapima damu huko kwa ajili ya virusi hivyo. Kwetu, homa ya manjano ilifika Kinshasa mwaka 2016, na chikungunya mwaka 2019. Vipimo vya kawaida vinatafuta sida, hepatiti B na C, na kaswende. Virusi vya imbu havimo. Basi jibu lako linafanya kazi ya kipimo.

Wengine wanafikiri baridi ya frigo inaua. Hapana, inavitunza! Katika viwanda vinavyotengeneza dawa kwa plasma, wanatia kitu kinachofanana na sabuni, kinachoyeyusha mafuta yanayofunika virusi hivi. Mfuko wa damu wa hospitali haupiti huko.

Kama una homa, ngoja upone kabisa, na munganga atakuambia siku ya kurudi. Kama ulipata chanjo ya homa ya manjano, ngoja majuma 4, kwani ndani yake mna virusi hai, hata vimelegezwa. Na kama homa inakushika siku chache nyuma ya kutoa damu, rudi upesi kuarifu: pengine mfuko wako ungali katika frigo, na wataweza kuuondoa. Hakuna atakayekugombeza.

Imbu wa magonjwa haya anauma muchana, musikitere wa usiku hautoshi. Anazalia katika mapipa, mikebe na mipira ya motokari ya zamani iliyo nyuma ya nyumba. Funika pipa, na mwaga maji yanayosimama kila juma.